Maswali Yenu ya Lishe: Kipimo cha Rangi ya Mboga Kwenye Ngozi

Barua nne kati ya zilizonifikia safari hii, kila moja ikitoka upande wake, zinahusu jambo moja: kupima lishe ya mtu kwa kutazama ngozi yake, bila sindano wala tone la damu. Nimeona nizijibu pamoja, ingawa urefu wa majibu haulingani, kwa sababu hata maswali yenyewe hayalingani uzito.

SWALI: Mimi ni baba wa watoto watatu. Tunaishi Salt Lake City, Marekani, tulikohamia tukitokea Bukavu. Watafiti walifika shuleni kwa binti yangu, wakamwomba aingize kidole ndani ya kijisanduku chenye taa, na baada ya muda mfupi wakampa karatasi yenye namba 187. Hawakumchoma sindano wala hawakumpima uzito. Mwenzake wa darasani alipata 340, na tangu siku hiyo mama yake hana raha, anadhani mtoto wetu ana utapiamlo. Mashine inawezaje kuona lishe kupitia kidole? Na je, namba hiyo ni mbaya?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na lile linalomnyima usingizi mama wa mtoto. Namba hiyo haisemi kwamba binti yenu ana utapiamlo, wala haina uwezo wa kusema hivyo. Kilichopimwa ni kundi moja tu la viini vya chakula viitwavyo karotenoidi, ambavyo ndivyo vinavyoipa karoti, boga, papai, embe na nyanya rangi zake. Mboga za majani nazo zimejaa karotenoidi, isipokuwa ukijani wake huzifunika zisionekane. Mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza, kwa hiyo zote tulizo nazo tumezila. Wanasayansi wametambua mamia ya karotenoidi katika maumbile, lakini zinazopatikana kwa wingi katika damu ya mtu ni sita: beta-karotini, alfa-karotini, likopini, luteini, zeaksanthini na beta-kriptoksanthini. Zikishafyonzwa na utumbo pamoja na mafuta ya mlo, husafirishwa na damu, na sehemu yake huwekwa katika mafuta ya mwili na katika ngozi, hasa ngozi nene ya viganja, ncha za vidole na nyayo.

Sasa tuje kwenye taa. Kitu huonekana cha manjano au cha rangi ya machungwa kwa sababu kinafyonza mwanga wa buluu na kuurudisha ule uliobaki. Karotenoidi hufyonza zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa kati ya nanomita 400 na 500, na huo ndio ubuluu wenyewe. Kifaa alichopimwa nacho binti yako, kwa jinsi unavyokieleza, humulika ncha ya kidole kwa mwanga mweupe, kisha hukagua mwanga unaorudi: kadiri ubuluu unavyokosekana, ndivyo karotenoidi zinavyohesabiwa kuwa nyingi. Lakini damu nayo hufyonza mwanga wa aina hiyo, na kama ingeachwa ilivyo ingeivuruga hesabu. Ndiyo maana kidole hubanwa kidogo kwenye kioo cha kifaa ili damu isogee pembeni, kama unavyoona ncha ya kidole ikipauka unapoikandamiza mezani. Matokeo hutolewa kwa kipimio kinachoanzia 0 na kuishia 800 na kidogo.

Huenda utafurahi kusikia kwamba kazi hii ilikuzwa katika mji huo huo mnaoishi. Katika Chuo Kikuu cha Utah, mwanafizikia Werner Gellermann na daktari wa macho Paul Bernstein walianza kwa kupima luteini na zeaksanthini ndani ya jicho, ambako hujikusanya katikati ya retina, kisha mbinu hiyo ikapelekwa kwenye ngozi. Wao walitumia leza ya buluu ya nanomita 488. Sehemu ndogo mno ya mwanga huo, inapogonga molekuli za karotenoidi, hurudi ikiwa imebadilika na kuwa ya kijani, karibu nanomita 527, na wingi wa ukijani huo ndio kipimo. Badiliko hilo la mwanga lina jina la Mhindi C. V. Raman, aliyelitangaza mwaka 1928 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1930. Nalitaja kwa sababu moja ya manufaa: mashine za leza hutoa namba za makumi ya maelfu, na mashine za mwanga mweupe hutoa za mamia. Mtu akiwaambia alipata 30,000 hajamshinda binti yenu kwa lolote, kwani kila mashine ina kipimio chake na namba zake hazibadilishani.

Utauliza, kwa nini watafiti wasiwaulize watoto walikula nini jana? Wameuliza kwa miaka mingi, na majibu yana kasoro zinazojulikana. Watu husahau, hukadiria vibaya ukubwa wa bakuli, na zaidi ya yote huwa hawapendi kumwambia mgeni mwenye kalamu na daftari kwamba wiki nzima hawakugusa mboga. Kipimo cha damu ni cha uhakika zaidi, lakini kinataka sindano, sampuli iliyokingwa dhidi ya mwanga na joto, na maabara ya gharama. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha usomaji wa leza na vipande vidogo vya ngozi vilivyochunguzwa maabara, pamoja na damu za watu hao hao, wakaona vinakubaliana vya kutosha. Mwaka 2014 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walioko Grand Forks, North Dakota, walitangaza jaribio la wiki 28 ambamo watu wazima walinyimwa kwanza vyakula vyenye karotenoidi, kisha wakapewa mboga na matunda kwa wingi, kisha wakanyimwa tena, na mwishoni wakarudi kwenye mlo wao wa kawaida. Karotenoidi za ngozi zilipanda na kushuka zikifuata zile za damu. Kwa hiyo ngozi inasimulia mlo wa wiki kadhaa zilizopita. Chakula cha jana hakionekani humo, wala cha mwaka jana.

Kuhusu 187 yenyewe, hakuna mstari uliokubaliwa na madaktari ambao chini yake mtu huitwa mgonjwa. Watoto wawili wanaweza kula sahani moja na kupata namba tofauti, kwa kuwa mtu mwenye mafuta mengi mwilini huwa na karotenoidi chache zaidi za ngozi, jua kali huzipunguza, moshi wa sigara huzipunguza, na matumbo hayafanani katika kuzifyonza. Ulinganisho wenye maana ni wa mtoto na yeye mwenyewe. Mimi ningewaulizeni jambo moja tu: tangu mhamie, sombe (kisamvu) na lengalenga (mchicha) bado vinaingia jikoni, au vimebaki Bukavu? Kama nafasi yake imechukuliwa na mkate, viazi vya kukaanga na kuku, namba hiyo inaeleza badiliko hilo na haielezi zaidi ya hapo. Akipimwa tena baada ya miezi miwili ya kula mboga karibu kila siku, mtaona kama imepanda. Na kama mama bado ana hofu, ampeleke kliniki akapimwe uzito, urefu na wingi wa damu, maana huko ndiko utapiamlo unakotafutwa.

SWALI: Shikamoo Mama Lishe. Nasoma chuo, kwetu ni Kigoma, na kwa bibi yangu kila mboga hupikwa kwa mawese. Viganja vyangu na vya mdogo wangu wa miaka mitatu vina umanjano. Jirani anasema ni ugonjwa wa ini. Bibi naye anasema umanjano huo ni dalili ya afya, na kwamba mtoto anayekula mawese hahitaji yale matone ya vitamini A ya zahanati. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, binti. Jina ulilonipa mjini ni la akina mama wanaotuuzia wali na maharage mchana, nami nalipokea kwa heshima zote, kwa sababu wao wamewalisha Watanzania wengi kuliko nitakavyowahi kuwalisha mimi kwa safu hii.

Jirani ana haki ya kuuliza, lakini kuna namna ya kumjibu nyumbani. Simameni mlangoni penye mwanga wa mchana, mtazamane weupe wa macho. Ugonjwa wa ini au wa nyongo unapomtia mtu umanjano, macho huwa ya kwanza kuonyesha, na mara nyingi mkojo hukoza kama chai ya rangi. Umanjano wa karotenoidi hukaa kwenye viganja, nyayo na pengine pembeni mwa pua, huku macho yakibaki meupe. Mawese mabichi mekundu yana miligramu 500 hadi 700 za karotenoidi katika kila kilo, kiasi ambacho vyakula vichache vinakifikia, kwa hiyo sishangai kwamba vidole vyenu vimeandika hivyo. Macho yakiwa na umanjano, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Yakiwa meupe, hamna la kutibu, ingawa mtu anayepata umanjano wa viganja bila kula vyakula hivi kwa wingi anafaa kuangaliwa kisukari na tezi ya shingo, kwani mojawapo inaweza kuufanya mwili ushindwe kuzitumia karotenoidi kama kawaida.

Bibi ana ukweli wa nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Beta-karotini hugeuzwa na mwili kuwa vitamini A. Katika mlo wa kawaida huhesabiwa kwamba maikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula hutoa maikrogramu 1 ya vitamini A, lakini beta-karotini iliyoyeyuka ndani ya mafuta huingia kirahisi zaidi, hata 2 tu zikatosha kutoa ile 1. Mawese basi ni chanzo kizuri mno, ilimradi yasiunguzwe jikoni mpaka wekundu utoweke, kama wapishi wengine wanavyopenda kufanya ili kupunguza harufu yake. Wekundu ule ndio beta-karotini yenyewe. Ukitoweka, yamebaki mafuta matupu.

Nusu ya pili siikubali. Matone ya zahanati yana vitamini A iliyokwisha kukamilika, isiyo na rangi ya karotenoidi: kapsuli ya buluu ya uniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, na nyekundu ya uniti 200,000 kwa wa miezi 12 hadi 59, kila baada ya miezi minne hadi sita. Mdogo wako yumo katika umri huo, na aendelee kupewa kwa ratiba ya zahanati. Msihofu kwamba vitazidiana, kwa sababu mwili wenye vitamini A ya kutosha hupunguza kasi ya kugeuza beta-karotini, na inayobaki ndiyo inayokwenda kukaa viganjani. Sumu ya vitamini A hutokana na ile iliyokamilika ikizidi, yaani vidonge na kapsuli zinazotolewa ovyo, au maini yanayoliwa kupita kiasi.

Hapo ndipo nataka wasomaji wengine pia wasimame kidogo. Karotenoidi za ngozi na vitamini A ya mwili ni vitu viwili. Mtoto anayekunywa maziwa, anayekula mayai na maini, na aliyepewa matone yake, anaweza kutoa namba ya chini kabisa kwenye kifaa cha kidole huku vitamini A yake ikiwa kamili. Mwingine anayeshiba ugali na mchicha tu anaweza kutoa namba nzuri huku akipungukiwa protini na nguvu. Kifaa hakikukosea kwa yeyote kati yao, ila kimeulizwa swali lisilo lake.

SWALI: Daktari, habari? Niko Nairobi. Kwenye jimu ninayofanyia mazoezi alikuja mwanadada na kifaa cha kumulika kiganja. Akanipima, akaniambia niko kwenye rangi nyekundu, yaani mwili wangu hauna kinga, kisha akaniuzia vidonge vya miezi mitatu kwa bei iliyoniuma. Nilipopimwa tena nilikuwa nimepanda hadi kijani. Je, nimepona? Niendelee kununua? Mimi huvuta sigara, ila si nyingi.

JIBU: Nzuri, ndugu. Hukuwa mgonjwa, kwa hiyo hujapona. Vidonge vya namna hiyo kwa kawaida huwa na karotenoidi ndani yake, na kifaa kinapima karotenoidi. Ukimeza kile kinachopimwa, kipimo hakina budi kupanda. Ni sawa na kupima usafi wa nyumba kwa harufu ya udi: ukifukiza, nyumba itanukia, na vumbi litakuwa palepale chini ya kitanda. Namba ya ngozi ina thamani kwa kuwa kwa kawaida inafuatana na ulaji wa mboga na matunda, ambavyo huja na nyuzinyuzi, foleti, potasiamu, vitamini C na mengine mengi ambayo kifaa hakiyaoni. Ukiipandisha kwa kidonge umeukata ule uhusiano, na namba imebaki peke yake.

Neno lako la mwisho ndilo lililonifanya niiweke barua yako humu. Nchini Finland, wanaume wavutaji zaidi ya 29,000 walishiriki jaribio kubwa ambalo sehemu yao walimeza miligramu 20 za beta-karotini kila siku kwa miaka mitano hadi minane. Ilitarajiwa iwakinge na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Marekani, jaribio jingine la watu zaidi ya 18,000, wengi wao wavutaji na waliowahi kuvuta, pamoja na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto, liliwapa sehemu yao miligramu 30 za beta-karotini pamoja na uniti 25,000 za vitamini A kila siku. Lilisimamishwa mwanzoni mwa 1996, miezi 21 kabla ya wakati, saratani za mapafu zikiwa zimezidi kwa asilimia 28. Kama waliomeza beta-karotini wangewekwa kwenye kifaa cha yule mwanadada, wangetoka kijani wote. Acha kununua vidonge hivyo, soma kibandiko cha kopo ulilobakiwa nalo uone kama beta-karotini imetajwa, na kama imetajwa usilimalize. Sigara nayo, hata hiyo "si nyingi", inazila karotenoidi zako kila siku. Sukuma wiki na mchicha haviko kwenye onyo hili. Majaribio yale yalikuwa ya vidonge vya kiwango kikubwa.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya Pemba. Nimesikia kuhusu vifaa hivi kwenye semina. Je, vinasoma sawasawa ngozi nyeusi kama zetu? Na vinaweza kutusaidia kuwapata watoto wenye lishe duni bila kuwatoa damu? Wazazi wetu hawapendi sindano.

JIBU: Swali la kwanza ni la haki, kwa sababu vifaa vingi vya kupima kwa mwanga vilitengenezwa na kujaribiwa kwanza kwa watu weupe. Melanini, inayotupa weusi wetu, hufyonza mwanga wa buluu pia, na kama kipimo kingechukuliwa mgongoni au shavuni tungeonewa. Ndiyo sababu huchukuliwa kiganjani au kwenye ncha ya kidole, ambako melanini ni kidogo kwa kila mtu, mweusi na mweupe, huku programu ya mashine ikijaribu kutoa kiasi kilichobaki. Hata hivyo, nisingeikubali namba inayolinganisha jamii moja na nyingine kabla kifaa hakijalinganishwa na vipimo vya damu katika jamii zote mbili. Kumfuatilia mtu yule yule kwa miezi kadhaa ni jambo jepesi zaidi, kwa sababu melanini ya kidole chake haitabadilika sana.

Kwa swali la pili jibu langu ni hapana. Mnao tayari utepe wa kupimia mzunguko wa mkono, ambao hautoi damu, hauhitaji umeme, na kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 unasema wazi: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni wa wastani. Kifaa cha mwanga hakiwezi kumwona mtoto aliyekonda, wala aliyedumaa, wala aliyepungukiwa chuma. Upungufu wa vitamini A nao hutafutwa kwa retinoli, yaani vitamini A iliyomo katika damu, mstari ukiwa maikromoli 0.70 kwa lita, na kwa kumuuliza mama kama mtoto anajikwaa jua likizama. Hata retinoli ina hila zake, kwani ini huishikilia isishuke mpaka akiba imekaribia kwisha, na homa huishusha kwa muda.

Ninakoona kifaa hiki kingefaa kwetu ni kwenye miradi. Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa, vimesambazwa Afrika Mashariki kwa juhudi ambazo mwaka 2016 zilimpatia Mganda Robert Mwanga na wenzake watatu Tuzo ya Chakula ya Dunia. Kugawa marando ya viazi ni jambo moja, na kujua kama viazi vinaliwa na mtoto au vinapelekwa sokoni ni jambo jingine. Kupima vidole vya watoto kabla ya mavuno na wiki nane baada yake kungetoa jibu ambalo dodoso halitoi kwa urahisi.

Kama siku moja mtaletewa kifaa hicho kituoni, mpimwaji anawe mikono kwa sabuni, kidole kipimwe mara tatu na wastani uchukuliwe, na mtazame kwanza ncha ya kidole yenyewe. Hina huwa nyekundu kwa sababu ile ile, yaani inafyonza mwanga wa buluu, na bizari ya manjano iliyobaki kwenye vidole vya mpishi hufanya vivyo hivyo. Bibi harusi wa wiki iliyopita atawapeni namba ya ajabu. Mtafutieni kidole ambacho hakikupakwa, na kama vyote kumi vimechovywa, mwambieni arudi hina itakapokuwa imefifia.